MJADALA: Mwanafunzi wa blogu apewe maksi kwa idadi ya wasomaji? Mimi nasema hapana

Wadau habari za muda huu, naomba tulijadili hili maana naona linazidi kuenea. Kozi nyingi za kublogu na uandishi wa habari wa kidijitali siku hizi mwanafunzi anafungua blogu yake, anaandika muhula mzima, halafu sehemu ya maksi inatoka kwenye takwimu, yaani posti imefunguliwa mara ngapi na watu wameisheya mara ngapi. Wanaotetea wana hoja na sio ya kipuuzi, wanasema mhariri wa leo dashibodi ya takwimu za wasomaji iko mbele yake asubuhi mpaka jioni, sasa mwanafunzi asiyejua namba unampeleka wapi, na pia habari ambayo hakuna aliyeisoma imemsaidia nani.

Mimi napinga. Namba afundishwe, tena azijue vizuri kuliko anavyozijua sasa, ila maksi zisitoke humo.

Tuanze na hiyo namba yenyewe. Google Analytics, huduma ya kuhesabu wanaotembelea tovuti ambayo ndo wengi wanatumia, toleo lake la sasa likiona mtu kakaa zaidi ya sekunde 10 linamhesabu kwamba kavutiwa na ulichoandika. Sekunde 10! Hapo mtu hajamaliza hata aya ya kwanza, pengine alikuwa anahangaika kufunga tangazo. Halafu tusidanganyane, tunajua kinachotokea wiki ya mwisho ya muhula, linki inarushwa kwenye grupu la darasa "nifungulieni jamani na mimi nitawafungulia", mtu anafungua kwa simu, anafungua kwa laptopu ya mwenzake, anabadilisha brauza anafungua tena, mwalimu anapokea grafu imepaa na anampongeza kijana.

Na wakubwa nao wameshaingizwa mjini na namba. Mwaka 2016 Facebook walikiri kwamba wastani wa muda wa kutazama video waliokuwa wanawaonyesha watangazaji ulikuwa umezidi uhalisia, kwasababu hesabu yao ilikuwa inawaacha nje wote waliotazama chini ya sekunde 3. Kipindi hichohicho vyumba vya habari vilikuwa vinakimbilia video, waandishi wanapunguzwa. Kama watu wazima wenye mishahara walipelekwa hivyo, huyu wa mwaka wa kwanza tunamtegemea nini?

Kingine, ukilipa trafiki (yaani wingi wa wanaofungua) utaletewa trafiki. Kuna blogu moja ya 2011 iliyokuwa inaandikwa kwa jina la Amina, msichana wa Damascus, Syria. Ilisomwa mno, mwezi Juni ikaandikwa kwamba katekwa, vyombo vikubwa vya dunia vikaibeba, watu wakafungua kampeni za kudai aachiwe. Kumbe hakukuwa na Amina. Mwandishi alikuwa mwanaume wa Kimarekani, miaka 40, anasoma Edinburgh, na picha alizotumia ni za mwanamke mwingine kabisa aliyekuwa London na hana habari. Kwa kipimo cha wasomaji huyo jamaa (na yeye alikuwa mwanafunzi, sema sio wa uandishi) mngempa A.

Mlinganisheni na Eliot Higgins. Alianza blogu yake 2012 akiwa nyumbani Uingereza, hakuwa mwandishi wa habari, kazi yake kuangalia video za YouTube za vita vya Syria na kutambua silaha moja baada ya nyingine, na 2014 ndo akaanzisha Bellingcat, kundi linalochunguza habari kwa kutumia ushahidi ulio wazi mtandaoni. Watu walimwamini kwasababu alikuwa anaweka njia yake wazi, video hii hapa, jengo hili hapa, lilinganishe mwenyewe na picha ya satelaiti. Hicho ndo kitu cha kukipa maksi.

Mtu atauliza kinapimwaje. Chukua mwanafunzi aliyetumiwa picha ya jengo lililoporomoka kwa WhatsApp. Picha ikitumwa kawaida, taarifa za ndani ya faili, saa, kamera, mahali, zinafutika, kwahiyo anayejua kazi anamwambia aliyetuma "nirushie kama dokumenti". Anaipeleka TinEye, tovuti ya kutafuta picha imeshatokea wapi mtandaoni, anapanga majibu kuanzia la zamani zaidi, maana picha ya "leo asubuhi" ikikutwa mtandaoni miaka sita nyuma habari imeishia hapo. Anasoma vibao vya maduka, anaangalia vivuli vimelalia wapi, halafu anampigia mtu aliyekuwepo. Mchana mzima umeisha, na posti watasoma wanadarasa na shangazi yake. Sasa yote hayo ayaandike kwenye shajara ya uhakiki inayokwenda na posti: alimpigia nani, aliona nini, na kipi alikiacha kwasababu hakikuthibitika. Mimi hicho cha mwisho ningekipa maksi nyingi kuliko vyote. Najua mwalimu mwenye darasa kubwa atasema hana muda, basi achague posti mbili za kila mwanafunzi bila kuwaambia ni zipi azikague mpaka chini.

Takwimu zibaki kama somo, mwanafunzi aandike ukurasa mmoja aeleze wasomaji walikimbilia wapi na akabadilisha nini.

Sasa nyie mnaotetea naomba mnijibu hili kabla hamjanishambulia. Mwanafunzi kabakiza siku moja kukabidhi kazi, anagundua posti yake iliyosomwa kuliko zote ina picha ya tukio lingine kabisa. Akiifuta, namba zinaanguka na maksi zinaanguka nazo. Akiiacha, anafaulu. Kwa mfumo wenu huyo mtoto mnamwambia afanye nini?