Winga wa raga Kisumu anataka kuwa mpokeaji na mrudishaji mpira NFL, ligi ya futiboli ya Marekani: aanzie wapi?

Winga_Mamboleo

Wakuu, namuulizia winga wa miaka 20, sentimita 183, kilo 86, anayecheza raga ya saba kila upande. Mbio anazo na mpira wa juu anaudaka. Kila tukienda mashindano ya Prinsloo pale Nakuru au Dala hapa kwetu, mtu humwambia kwamba kurudisha mpira kwenye futiboli ya Marekani ni kazi ile ile ya fulbeki, beki wa nyuma kabisa wa raga, tofauti ni helmeti tu. Ni kweli? Na kazi ya mpokeaji anayerudisha mipira huendaje: anaingiaje, anabakije, analipwa nini? Naomba mambo ya kufanya uwanjani. Maneno ya "amini ndoto yako" tumeyasikia ya kutosha.

Yadi_Kumi

Si kweli, omera. Kukimbia na mpira ndiyo sehemu rahisi. Kinachowafukuza watu wa raga ni punti, yaani ule mkwaju mrefu ambao timu hupiga ikishakwama kwenye jaribio la nne, la mwisho.

Fulbeki wa raga akiacha mpira udunde, anapoteza mita. Huku hesabu ni nyingine. Punti ikidunda na hakuna mtu wenu aliyeigusa, wapinzani wataizima pale ilipo na mpira ni wenu, hakuna kilichoharibika. Ila ikikugusa hata kisigino, imekuwa mpira wa yeyote: wakiuokota ni wao, ingawa hawaruhusiwi kukimbia nao. Kwa hiyo punti usiyoitaka ikimbie. Timu huwa na neno lao la kupiga kelele, na likisikika kila mtu anaondoka karibu na mpira, hata aliyekuwa anakinga na kaupa mgongo.

Halafu kuna mkono. Katika raga unadaka ndani ya mita 22 zako huku ukiita "maki". Huku unaomba kudaka bila kukabwa, kabla mpira haujafika, popote uwanjani, kwa kunyoosha mkono mmoja juu ya kichwa na kuupunga upande hadi upande. Ukishapunga, hukimbii. Ishara ya nusunusu ni adhabu ya yadi 5, na anayejikinga jua kwa kiganja asije akaupunga huo mkono.

Miguu nayo. Winga wenu amefundishwa kuruka na goti mbele kwa sababu sheria ya raga inamlinda aliye hewani. Huku sheria inalinda nafasi yako ya kudaka tu. Mpira ukishatua mikononi, anayekuja kasi ana haki ya kukuvunja, na kama bado uko hewani huna pa kushika. Simama chini ya mpira, viwiko vimebana mbavu, viganja juu, uingie kati ya kifua na tumbo kama unapokea mtoto.

Ya mwisho kwangu ndiyo iliyonipa jina hapa: visigino kwenye yadi ya 10 ya upande wenu, na hapo husogei nyuma. Unaopita juu ya kichwa uache, kwa kuwa ukiingia eneo la goli mnaanzia yadi ya 20. Anayerudi kinyumenyume akadaka kwenye yadi ya 4 ameiletea timu taabu kwa ushujaa wake.

Mfano mnaujua: Jarryd Hayne, nyota wa ligi ya raga Australia, aliyejiunga na San Francisco 49ers mwaka 2015. Mechi za maandalizi alipasua watu. Mechi ya kwanza ya ligi dhidi ya Minnesota, punti yake ya kwanza ikamponyoka. Alicheza mechi 8 msimu ule, na Mei 2016 akastaafu ili ajaribu kuingia timu ya saba ya Fiji. Mbio zake hazikuwa zimepungua.

Hesabu_za_Milimani

Nyongeza ya upande wa ajira, maana wengi wanadhani kurudisha mpira ni kazi kamili. Ni mlango tu. Timu huingia kambini na wachezaji 90, mwisho wa Agosti wanabaki 53, na siku ya mechi wanaovaa ni 48 tu. Wapokeaji wawili watatu wa juu kazi yao ni kudaka pasi. Wa nne na wa tano lazima wafanye kitu kingine: warudishe, wakinge, au wakimbie kumkaba mrudishaji wa wapinzani. Kocha akilinganisha wapokeaji wawili wanaotoshana, anabaki na yule anayemwokolea nafasi ya mtu mwingine.

Fedha: kima cha chini cha mchezaji mpya mwaka 2025 kilikuwa dola 840,000 kwa msimu, lakini hicho ni cha aliye kwenye 53. Kikosi cha mazoezi, yaani wa nje ya 53, kilikuwa dola 13,000 kwa wiki, unalipwa wiki uliyopo, na Jumanne unaweza kuambiwa ukabidhi kabati.

Angalia waliodumu. Devin Hester aliteuliwa na Chicago Bears mwaka 2006, wa 57 kwenye uteuzi wa wachezaji wapya, kama mlinzi wa pembeni. Msimu huo huo alirudisha mipira 6 hadi tachidauni, yaani bao la kuufikisha mpira eneo la goli, kisha kwenye Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2007 akaurudisha mkwaju wa kwanza kabisa wa mechi yadi 92. Ndipo wakamhamishia upokeaji. Mwaka 2009 alipata yadi 757 za pasi, kiasi cha wastani tu, lakini jumla ya tachidauni zake 20 za kurudisha ndizo zilizomwingiza kwenye Ukumbi wa Mashujaa mwaka 2024. Joshua Cribbs hakuteuliwa kabisa, na chuoni alikuwa mrusha pasi. Alidumu timu ya Cleveland miaka 8 kwa kurudisha na kukaba. Cordarrelle Patterson aliteuliwa raundi ya kwanza mwaka 2013 kama mpokeaji, upokeaji ukawa hivi hivi, akageuzwa mkimbiaji, na ana rekodi ya tachidauni 9 za mikwaju ya kuanzia. Hao watatu wote walibadilishwa kazi. Anayekwenda huko akisema "mimi ni winga" amejifungia.

Na Mkenya tunaye wa mfano: Daniel Adongo alitoka raga akasajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013. Hakupewa mpira. Walimweka ulinzi, na uwanjani alionekana kwenye vikosi vya mikwaju.

Kumi_na_Tano_Kakamega

Yadi_Kumi umeongea punti peke yake, ukaufunga mlango mzima. Mkwaju wa kuanzia ni jambo jingine, na tangu 2024 umesogea karibu na raga. Mpigaji yuko yadi ya 35 ya upande wake, lakini wenzake 10 wamepangwa kwenye yadi ya 40 ya wanaopokea. Wakingaji wengi wamesimama yadi ya 35, hatua 5 tu mbele yao. Hao wote hawasogei mpaka mpira uguse ardhi au mchezaji katika eneo la kutua, ambalo ni kutoka mstari wa goli hadi yadi ya 20, au ndani ya eneo la goli. Warudishaji wawili wanaruhusiwa. Hakuna kupunga mkono. Ukitua katika eneo lile lazima uchezwe, kwa hiyo hapa mpira unaodunda unaufuata, tofauti na punti.

Zamani watu walikuja wakikimbia yadi 50 kamili. Sasa pengo hufunguka na kufungwa haraka karibu nawe. Chukua hatua tatu za kuangalia, kata mara moja, nenda wima. Winga wetu huharibu hapo: hutaka kuzunguka nje. Uwanja wa raga una upana wa mita 68 hadi 70, huu ni mita 48.8. Kona unayoitafuta haipo. Isitoshe, amezoea kwamba mwenzake akikaa mbele yake ni kosa la kuzuia. Huku mwenzake wa mbele ndiye njia. Lazima ajifunze kupunguza mwendo nyuma ya mgongo wa mkingaji, na hilo kwa mtu wa saba kila upande huuma kuliko mazoezi ya milima.

Yadi_Kumi

Nakubali kuhusu mkwaju wa kuanzia. Lakini kocha hatampa mkwaju wa kuanzia mtu asiyemwamini kwenye punti.

Winga_Mamboleo

Asanteni. Sasa vitendo. Mpira wa Kimarekani tumepata mmoja, mpiga punti hatuna, na mchana upepo wa ziwa huanza kuvuma. Pia, kuna maana kuanzia futiboli ya bendera, ile ya Olimpiki ya 2028, ambapo mtu huvutwa bendera kiunoni badala ya kuangushwa?

Yadi_Kumi

Upepo ni mwalimu, msiukimbie. Mpigaji wenu awe namba kumi wa raga anayeweza kuzungusha mpira. Mpira wa raga una uzito wa gramu 410 hadi 460 na mzingo wa katikati sentimita 58 hadi 62. Wa Kimarekani ni gramu 397 hadi 425, mzingo kama sentimita 54, na umejazwa upepo zaidi. Ni mwembamba na mgumu, unaruka kifuani. Anzeni na wa raga, malizieni na ule mmoja.

Chora yadi 10, yaani mita 9.14, kwa chokaa. Adake 50 kwa siku, 20 za mwisho akiwa amechoka, na watu wawili wakimjia na mito. Asome pua ya mpira: ukishuka na pua juu, utaanguka mfupi, asogee mbele, pua ikiinama, bado unasafiri, arudi. Tafuteni pia mpigaji wa mguu wa kushoto, kwa kuwa mpira wake huzunguka kinyume na kupinda upande mwingine. Wengi hukutana naye kwa mara ya kwanza siku ya mechi. Akidaka, ncha ya mpira iwe katikati ya vidole, mpira ubanwe na kiganja, mkono wa mbele, msuli wa juu na mbavu, daima mkono ulio mbali na anayemkaba. Hakuna kuuweka chini kama kwenye raki, lile rundo la wachezaji wa raga juu ya mpira.

Hesabu_za_Milimani

Ya bendera ifanyeni kwa ajili ya upokeaji. Ni watano kila upande, uwanja wa yadi 50 kwa 25, na hakuna mikwaju, kwa hiyo kurudisha hatajifunza hapo. Atajifunza kukimbia mita 9, kusimama kwa hatua tatu na kugeuka akiukuta mpira tayari hewani, jambo ambalo winga hajawahi kuombwa. Kitu kimoja pale hatakipata: NFL beki anaruhusiwa kumzuia kwa mikono ndani ya yadi 5 za mwanzo. Hilo mfanyeni na mmoja wa mafowadi wenu, dakika 10 kila mazoezi, na afunzwe kuupiga mkono wa beki kwenye kifundo, si kusukumana naye kifua.