Tupeane uzoefu: Bustani ya wanyama ya Mandai, Singapore, isiyo na vyuma

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo. Mwezi wa sita, Mungu akijalia, nampeleka mama yangu na mwanangu wa miaka sita Singapore kwa dada yangu anayeishi huko. Siku moja nataka iwe ya Mandai. Mimi nilifika mara moja tu, nilipokwenda kwa mafunzo ya kazi. Naanza na yangu, nanyi mtoe yenu.

Nilikuwa nimeinamia ramani, ganda la tunda likaniangukia begani. Kuinua macho, namwona orangutani jike ananing'inia kwenye kamba juu ya njia, mtoto kamshika ubavuni. Hakuna wavu wala nondo kati yetu. Nilikulia jirani na bustani ndogo ambako simba alikuwa akizunguka ndani ya chumba cha saruji, na sisi watoto tulimrushia vijiwe ili angurume. Pale Mandai nilisimama karibu nusu saa, na watu walionizunguka walikuwa wakinong'ona kama wako kwenye nyumba ya mgonjwa. Ile aibu ya vijiwe ilinirudia yote.

Swali langu: mama ana miaka sabini na moja na magoti yanamsumbua. Ataiweza?

Baharia wa Tanga

Meli yetu ilifunga gati siku mbili, nahodha akaturuhusu kushuka. Wenzangu walikwenda madukani, mimi nikapanda treni hadi Khatib, kisha basi la kwenda Mandai. Wale orangutani wasikutie hofu, dada. Sehemu yao imezungukwa na maji, na orangutani kwa kawaida haogelei. Simba na chui milia nao wametenganishwa na watu kwa mitaro iliyofichwa na majani. Ukisimama njiani huioni, ukisogea pembeni ndipo unatambua kuna shimo refu na ukuta. Aliyechora mpango huo ni Lyn de Alwis wa Sri Lanka, na bustani ilifunguliwa Juni 1973.

Lakini kilichonigusa mimi ni kobe. Unaingia mwenyewe kwao, wanapita miguuni pako. Ni wale wale wa Aldabra, ndugu wa kobe wa Changuu pale Unguja walioletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Nilikuwa na miezi saba sijafika nyumbani. Nilichuchumaa mbele ya mmoja, namtazama anavyotafuna majani taratibu, hadi mvua ikanikuta pale pale.

Na hiyo mvua ichukulieni kwa uzito. Inakuja mchana, na radi zake si za mchezo. Fikeni saa mbili na nusu asubuhi milango inapofunguliwa, wanyama wakiwa bado wachangamfu. Kufika saa sita wengi wamelala kivulini na jasho limewamaliza nyinyi.

Mama Pacha, Wete

Nimeishi Johor, Malaysia, ng'ambo ya daraja kutoka Singapore, kwa miaka minne, na Mandai tulikwenda kila likizo. Mpeleke mtoto kwenye lile banda kubwa la msitu, lina milango miwili ili viumbe wasitoke. Ndani kuna vipepeo, lemuri wa Madagaska, na popo wakubwa wa matunda wakila papai usawa wa macho yako. Wanangu wamezaliwa ugenini, na popo wa Kidike kwetu Pemba walikuwa kwao hadithi tu ya bibi. Siku ile mmoja akanivuta kanga: "Mama, hawa ndio wale wa bibi?" Nikamwambia si hao hasa, ila ni jamaa zao. Nililia kidogo, sioni haya kusema.

Mfundishe kabla hamjaingia: mikono mgongoni. Lemuri anakaa kwenye reli hatua moja kutoka kwako na kila mtoto anataka kumgusa mkia. Mhudumu mmoja aliwaambia wangu kwa upole kwamba mnyama akitaka kuja atakuja mwenyewe, akitaka kuondoka tumpishe. Mpaka leo hivyo ndivyo wanavyowatendea paka wa mtaani.

Msomaji wa Nairobi

Nimefurahia sana simulizi zenu, lakini nami niseme langu. Nilifika mwaka 2016, dubu wa barafu aitwaye Inuka bado yuko hai. Huyo alikuwa wa kwanza wa aina yake kuzaliwa katika nchi za joto, Desemba 1990. Alikuwa na chumba cha baridi na bwawa lake, na walimtunza kwa dhati. Hata hivyo nilipomwona nilipata uzito moyoni. Kuondoa nondo ni jambo moja, na kumweka mnyama mahali panapomfaa ni jambo jingine. Bustani yenyewe iliamua mwaka 2006 kwamba haitaleta tena wanyama wa nchi za barafu, na Inuka alipozeeka na kuugua, Aprili 2018 walimpumzisha milele. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya siku nzima.

Naipenda Mandai. Ah Meng, orangutani wao mashuhuri, alichukuliwa mwaka 1971 kutoka kwa familia iliyomfuga kinyume cha sheria, akaishi huko hadi 2008, akazaa na kulea. Hiyo ni kazi njema. Ninaomba tu tunapowapeleka watoto tuwaeleze na upande wa Inuka.

Mwanafunzi, Mwanza

Msikose bustani ya usiku, Night Safari, iliyo hapo hapo Mandai. Ni mlango mwingine na tiketi nyingine, inafunguliwa saa moja na robo. Ipo tangu 1994 na ndiyo ya kwanza duniani ya aina yake. Taa zimepunguzwa mwanga hadi zinafanana na mbalamwezi, na kamera yenye mmweko ni marufuku kabisa, kwa sababu inaumiza macho ya wanyama. Kigari huzunguka, lakini utamu uko njia za miguu: kuna mahali kindi warukao wanateleza hewani juu ya kichwa chako. Nilisikia fisi akilia, nikakumbuka kijijini kwetu tulivyokuwa tukifunga mlango wa zizi mapema.

Mama Pacha, Wete

Dada, samahani, nilisahau la mama. Viti vya magurudumu vinakodishwa langoni na njia ni laini, kuna miinuko michache tu. Kipo pia kigari kinachozunguka bustani na vituo vyake, anashuka anapotaka. Mama mkwe wangu, mwenye magoti kama ya mama yako, alishuka kwa orangutani, akagoma kupanda tena. Tulimwachia maji na mwamvuli, tukamkuta saa mbili baadaye yuko palepale.

Mwanzisha mada

Ahsante sana, mama. Basi kiti nitakodi, na kwa orangutani tutaanzia.