Hewa ya mashine ya barafu kwenye stoo ndogo: feni, AC au kondensa ya nje?

jiko_kuu
Wakuu, habari za kazi. Nina mashine ya barafu ya kilo 200 kwa siku, inayopozwa kwa hewa, imeshanunuliwa. Itakaa stoo nyuma ya jiko. Nimepewa mapendekezo matatu: feni ya kutoa hewa pamoja na luva (tundu la mabapa la kuingizia hewa), AC ya ukutani, au kuibadilisha ili kondensa, ile sehemu inayotoa joto, ikae nje. Ipi inafaa? Fundi anaanza kutoboa ukuta wiki ijayo.

fundi_baridi
Mkuu, umeuliza dawa bila kutaja ugonjwa. Tupe vipimo vya stoo pamoja na kimo chake, kuta ngapi zinapakana na nje, mashine inavuta hewa upande gani na kuitoa upande gani, na joto la nje saa za mchana. Bila hayo kila mtu atakutajia anachokipenda yeye.

kilowati
Wakati tunasubiri, hesabu ya joto ni hii. Kitabu cha mashine huandika joto inalotoa. Tumia namba hiyo ukiipata. Usipoipata, kadiria. Kushusha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 21 hadi 0 na kuigandisha ni kama kJ 420. Kilo 200 kwa saa 24 zinakupa karibu kW 1. Umeme wote unaoliwa na kompresa na feni nao unaishia kuwa joto, weka karibu kW 1 nyingine. Ukiweka akiba kidogo, panga kW 2.2.

Kisha: kW mara 3,000, gawanya kwa nyuzi unazokubali stoo izidi hewa inayoingia. Ukikubali nyuzi 6, unahitaji mita za ujazo 1,100 kwa saa.

jiko_kuu
Asanteni. Stoo ni mita 2 kwa 2.5, kimo 2.6. Ukuta wa nje ni mmoja tu, ule wa mita 2.5. Mashine inavuta hewa kushoto na kuitoa nyuma. Mchana nje inafika 34. Muuza feni anasema feni ya kubadilisha hewa mara 10 kwa saa inatosha.

fundi_baridi
Haitoshi hata kidogo. Mara 10 ni kigezo cha chumba kisicho na chanzo kikubwa cha joto. Stoo yako ina mita za ujazo 13, kwa hiyo anakuuzia 130 kwa saa. Irudishe kwenye hesabu ya kilowati: joto la ndani linazidi la nje kwa nyuzi 50. Haitafika huko, maana swichi ya presha ya juu, inayokata gesi ya kupozea ikipanda presha mno, itakuwa imeizima mashine zamani.

Na namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la feni ni ya feni isiyo na kizuizi chochote mbele yake. Tazama mchoro wake, usome inatoa kiasi gani kwenye kizuizi cha paskali 50. Hiyo ndiyo itakayofanya kazi ukishaweka luva, wavu na kona moja ya dakti (njia ya bati ya kupitisha hewa).

mzee_ubaridi
Mimi naona mnamchosha kijana. Nje 34, jumlisha 6, stoo inakuwa 40. Ile kilo 200 ya kwenye karatasi mara nyingi imepimwa kwa hewa ya nyuzi 21 na maji ya nyuzi 10. Hewa ikiwa 32 na maji 21, mashine nyingi zinapoteza karibu moja ya tano ya barafu. Kwenye 40 itashuka tena, na kitabu cha mashine nyingi kinakomea kati ya 38 na 43. Weka AC ya BTU 12,000, iseti 25, ziba kila tundu, basi. Barafu utaipata ile uliyoinunulia mashine.

kilowati
Mzee, kwa upande wa barafu nakubaliana nawe kabisa. Gharama yake itajwe pia. Kutoa kW 2.2 kwa AC kunakula umeme wa kama kW 0.7 kila mashine inapofanya kazi, usiku na mchana. Feni ya kazi hii inakula sehemu ndogo ya hapo. Halafu AC ikizima, mashine inaendelea kuchemsha chumba kilichozibwa. Anayechagua AC aunganishe themostati ya chumba iizime mashine ikifika 38, asisubiri swichi ya presha.

mzee_ubaridi
Hiyo ya themostati ni sahihi. Na asifunge AC na feni vifanye kazi pamoja. Ni ama kile ama hiki.

bati_na_dakti
Kuhusu kondensa ya nje: sahau. Mashine yako imejengwa kondensa ikiwa ndani. Ile ya kondensa ya nje inatoka kiwandani na tangi la kupokea gesi ya kupozea, vali ya kushikilia presha wakati wa baridi na gesi nyingi zaidi. Ukirefusha mabomba ya mashine ya kawaida, kipimo cha gesi kinaharibika, mafuta yanabaki njiani, na barafu haiachii sahani inapogandia kwa sababu gesi ya moto inayoiachisha haina nguvu. Hilo lilikuwa la kuamua kabla ya kununua.

Ninachokipendekeza ni kofia ya bati nyuma ya mashine pale hewa ya moto inapotokea, dakti, na feni mwisho wa dakti. Joto linakamatwa kabla halijachanganyika na hewa ya stoo.

fundi_baridi
Kofia ni nzuri ikiachiwa nafasi. Acha kama sentimita 15 kati ya kofia na mashine, pande ziwe wazi. Ukiibana moja kwa moja kwenye mashine, ile feni ndogo ya kondensa haina nguvu ya kusukuma hewa kwenye dakti. Ukisaidia kwa feni kubwa, inavuta hewa kupita kiasi. Siku ya baridi presha inashuka na barafu inang'ang'ania kwenye sahani.

bati_na_dakti
Sijasema ibanwe. Ila 15 ni nyingi, hewa inavuja pembeni. Kumi inatosha.

fundi_baridi
Kitabu cha mashine ndicho kinachoamua. Nyingi zinataka angalau sentimita 15 pande za hewa, na nyingine zinataka 30. Asishuke chini ya hapo.

kilowati
Tusisahau luva. Mita za ujazo 1,100 kwa saa kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde ni mita ya mraba 0.15 ya uwazi halisi. Luva ya kawaida nusu yake ni mabapa, kwa hiyo weka ya sentimita 60 kwa 50. Ukiongeza wavu wa wadudu, panua tena. Na usivute hewa kutoka jikoni. Mafuta yanaganda kwenye mapezi ya kondensa, na kama kuna unga wa mkate, chachu inaingia na kuleta utelezi ndani ya mashine.

chumba_baridi
Nieleze kisa kimoja cha ukuta mmoja, kwa sababu ndicho kinachomsubiri. Mashine ilifungwa stoo kama hii. Feni ilitosha kwa hesabu, luva ilitosha, lakini vyote viliwekwa kwenye kimo kimoja vikiachana sentimita 40. Hewa ya moto ilikuwa inatoka kwenye feni, inazunguka nje na kurudi kwa luva. Usiku mashine ilikuwa nzima. Kuanzia saa sita mchana vipande vinatoka vyembamba, vyenye shimo katikati, kisha mashine inajizima.

Fundi wa kwanza akasema gesi imepungua, akaongeza kwa kutazama geji. Mashine hizi gesi yake inapimwa kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko, hakuna kukisia. Presha ikapanda zaidi, sasa ikawa inajizima tangu saa nne. Ikaongezwa mara ya pili. Kilichoonyesha tatizo ni kipimajoto kilichofungwa pale kondensa inapovuta hewa: nyuzi 47, wakati cha ukutani karibu na mlango kilisoma 36. Gesi ilitolewa yote, mashine ikavutwa vakyumu na kujazwa upya kwa mizani. Luva ikashushwa karibu na sakafu, upande wa mbali, feni ikapandishwa chini ya dari, na mdomo wake ukageuzwa juu. Hapo ikatulia.

Kwa hiyo jiko_kuu, kwenye ukuta wako wa mita 2.5: luva chini, pembe ya upande mashine inakovutia hewa, feni juu, pembe nyingine. Na dakti ya feni ipande hadi juu ya paa ikiwezekana.

mzee_ubaridi
Au AC.

jiko_kuu
Nimeelewa mengi, nashukuru sana. Naegemea feni na kofia ya bati. Swali: mle stoo kuna hita ya maji ya gesi, ina bomba lake la moshi. Feni itaisumbua?

kilowati
Hilo lilipaswa kuwa kwenye ujumbe wa kwanza! Feni ya kutoa 1,100 kwa saa ikizidi hewa inayoingia, tuseme luva imejaa vumbi, itavuta moshi wa hita urudi ndani kupitia bomba lake. Kabonimonoksaidi haina harufu na inaua. Hita ya moto ulio wazi isikae chumba kimoja na feni hiyo.

bati_na_dakti
Anaweza kugeuza: feni isukume hewa ndani kupitia kichujio, na joto litoke juu.

fundi_baridi
Akifanya hivyo hewa ya moto itapita chini ya mlango iende jikoni, na kofia haitakuwa na kazi. Hita ihamishwe, au ibadilishwe na ile iliyofungwa inayovuta hewa yake nje. Bomba la moshi linatokea wapi?

jiko_kuu
Ukuta uleule wa nje, upande wa kushoto. Ndipo mashine inapovuta hewa.

chumba_baridi
Basi luva haiwezi kukaa pale. Msimamishe fundi asitoboe, pima umbali kutoka bomba hadi kila pembe ya ukuta, na uweke picha ya kibandiko cha hita hapa.