Mjadala: Tovuti yetu ya Wapemba tuiunge na Facebook na WhatsApp, au tuiache?

Mleta mada (Wete)

Assalaam alaykum. Wasimamizi wametuletea pendekezo na wanataka tuseme kabla hawajagusa kitu. Tovuti yetu, ya Wapemba wa nyumbani na waliotawanyika, iungwe na mitandao ya kijamii. Anayetaka kuandika asitumie tena jina la kubuni na nywila, aingie kwa akaunti yake ya Facebook. Na kila mada ikishawekwa ijirushe yenyewe kwenye ukurasa wa Facebook na chaneli ya WhatsApp. Sababu yao inajulikana: vijana hawaji huku, wako kule.

Mie nusu ya pendekezo naitaka hata leo, na nusu naikataa.

Ninayoitaka ni ya taazia. Kwetu maiti hacheleweshwi. Mtu akifariki alfajiri, alasiri mara nyingi keshazikwa, na anayefungua tovuti baada ya Isha anakuta habari ya kaburi. Zamani kazi hii ilikuwa ya redio. Tangazo la vifo likianza nyumba nzima ilinyamaza, tangu jikoni hadi barazani, watu wanasikiliza marehemu ni nani, mtoto wa nani, kaacha nani Unguja, nani Tanga, nani Mombasa, na maziko ni saa ngapi. Sasa kazi hiyo inafanywa na WhatsApp, tena vizuri. Ukurasa wa taazia ujirushe.

Ninayoikataa ni ya mlango. Someni ukurasa wa maswali ya ndoa na mirathi. Kuna mwanamke pale aliyejiita Asumini. Mumewe yuko Omani, matumizi yamekatika, na mashemeji wanamtaka atoke nyumbani. Anauliza aende kwa kadhi au aende kwao kwanza. Walimjibu kwa adabu, na mmoja ambaye inaonekana korti anaijua akamwelekeza achukue cheti chake cha ndoa na aandike kila mwezi ambao hakuletewa kitu. Swali lile lisingeandikwa kwa jina la Facebook, lenye picha ya harusi ya wifi yake na marafiki wote wa kijiji kimoja.

Mchangiaji (Kiuyu)

Umesema vizuri, lakini umesema kama mtu mwenye kompyuta mezani. Njoo huku wakati wa bamvua. Kina mama wako pwani na mwani tangu maji yanapoanza kupwa, simu imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, na bando waliyojiunga ni ile ya mitandao ya kijamii peke yake kwa sababu ndiyo ya bei nafuu. Bando hiyo tovuti yenu haifungui. Bei ya mwani wanaipata WhatsApp, habari ya msiba WhatsApp, hata mchele umepanda ngapi ni WhatsApp.

Tena nywila! Mama yangu mdogo kasahau yake. Kaomba mpya, ikatumwa kwenye barua pepe aliyofunguliwa na kijana wa duka la simu, na kijana mwenyewe keshahamia Dar. Kwa Facebook angebonyeza mara moja akawa ndani. Mnamlinda na nini, ikiwa huo mlango hawezi kuufungua?

Mchangiaji (Chake Chake)

Tarehe 4 Oktoba 2021, mnaikumbuka? Kwetu ndiyo kwanza watu wametoka kusali Magharibi, Facebook, Instagram na WhatsApp zikafa pamoja dunia nzima, mpaka baada ya saa sita za usiku. Hakukuwa na mvamizi. Mafundi wao wenyewe walikosea walipokuwa wakirekebisha mitambo inayounganisha vituo vyao, na kosa moja likazizima zote kwa sababu zote za bwana mmoja: Instagram kainunua 2012, WhatsApp 2014. Kulikuwa na tovuti za watu wengine, nzima kabisa, lakini mlango wake ulikuwa akaunti ya Facebook. Wenyeji wake walilala nje.

Visiwa hivi vinalijua jambo hilo. Disemba 2009 njia moja ya umeme inayotoka Bara kuingia Fumba iliharibika, Unguja ikakaa kiza hadi Machi 2010. Sisi Pemba wakati ule tulikuwa na majenereta yetu Wesha, ya kelele na ya kukatika, lakini yetu. Waya wa Tanga ulifika baadaye mwaka huohuo. Basi nywila zetu ndizo Wesha yetu, msiziuze.

Mpemba wa Ng'ambo, Unguja

Wesha nayo ilikuwa ikitaka mafuta, kaka.

Mnaisema tovuti kama kwamba ni ngome. Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano iliisitishia JamiiForums leseni kwa siku 90, na ile ilikuwa ikisimama kwa miguu yake. Mei ya mwaka huo X ilikuwa imeshafungwa nchini. Oktoba 29, siku ya uchaguzi, ikazimwa intaneti yenyewe, na hapo mwenye nywila na mwenye Facebook walikaa kiza kimoja. Hakuna njia isiyokatika. Kwa hiyo mie nasema tuwe na njia nyingi kadiri tuwezavyo, hii ikifungwa watu wakutane ile. Kujifungia peke yetu kwa kuogopa Wamarekani ni kujinyima wasomaji bure.

Mchangiaji (Gombani)

Mbona mnachanganya mambo? Kuingia kwa Facebook si lazima jina lionekane. Mtu anaingia, halafu anajiita Asumini kama kawaida. Ni suala la mpangilio tu, fundi anaweka.

Mleta mada

Wa Gombani, kweli. Mbele ya wasomaji litafichika. Lakini Facebook inapomfungulia mtu mlango inaikabidhi tovuti jina lake na picha yake, na akiridhia barua pepe yake pia. Yenyewe inabaki na habari kwamba fulani kaingia wapi. Na wanaokabidhiwa ni nani? Wasimamizi wetu, vijana wazuri, wawili nasali nao msikiti mmoja. Kwa sasa wanachokiona ni barua pepe ambayo haimtaji mtu. Asumini hana habari na Mmarekani. Anayemwogopa ni msimamizi ambaye huenda akawa binamu wa mumewe.

Wa Kiuyu, hoja ya mama mdogo imenipata, lakini ya bando inakugeukia mwenyewe. Kama bando ya mitandao haiifungui tovuti, kubadilisha mlango hakumsaidii kitu, kwa sababu hata kufika mlangoni hafiki. Kinachomsaidia ni habari kumfuata aliko, kwa maandishi kamili ndani ya WhatsApp, si kiungo kitakachomtaka bando nyingine. Na nywila iliyosahauliwa irudishwe kwa meseji ya kawaida ya simu. Barua pepe kwetu wengi tulifunguliwa na watu wengine, tuseme kweli.

Wa Ng'ambo, njia nyingi nazikubali, mradi daftari liwe moja na likae kwetu. Kuna waliohamishia maoni ya wasomaji wao Google+. Aprili 2019 Google ilipoufunga mtandao ule maoni yalifutwa nao, makala zikabaki hazina mazungumzo. Meta nayo, wenye Facebook, Novemba 2025 ilitangaza kwamba kitufe cha kupenda na cha maoni vya kubandika kwenye tovuti za nje mwisho wake ni Februari 2026. Hakuna aliyewalaumu, ni mali yao. Lakini ule ukurasa wetu wa maneno ya Kipemba, ambapo mtu wa Makangale anabishana na mtu wa Kengeja jina la samaki mmoja, umejengwa na wazee ambao wengine hawapo tena. Ule siupeleki kwenye nyumba ya kupanga.

Mchangiaji (Mkoani)

Na picha hamjazitaja. Ukurasa wa picha za zamani una za harusi, mama zetu wako ndani na wanawake wenzao, vichwa wazi, wanacheka. Aliyeziweka kaziweka kwa ajili ya ndugu. Leo mnaniambia kila kilichomo kitajirusha chenyewe Facebook? Nani kawauliza waliomo? Za mama yangu naziondoa leo, kura yenu sisubiri.

Mpemba wa Ng'ambo, Unguja

Hilo la picha sina jibu, nakubali zisirushwe. Ila mleta mada kaipitisha taazia haraka mno. Juzijuzi kundi moja la WhatsApp lilimzika mzee wa watu, dua zikamiminika, jamaa wakapanda boti kutoka Unguja, naye yuko Mtambile anakunywa uji. Ukiambia mtambo urushe kila taazia inayoandikwa, nani anathibitisha kwamba mtu kafa?

Mleta mada

Hapo umenishika. Isirushwe mpaka msimamizi ampigie simu mtu wa nyumba ya msiba mwenyewe, au sheha. Itachelewa dakika chache, na bado watu watawahi maziko. Kwa hiyo ninachopendekeza kipigiwe kura ni hiki: taazia na matangazo ya jumuiya yaende WhatsApp na Facebook baada ya kuthibitishwa, maswali ya ndoa na mirathi pamoja na picha yasitoke, na mlango ubaki wa nywila.

Mchangiaji (Kiuyu)

Nywila irudishwe kwa meseji, umesahau kuitia, na ndiyo ninayoitaka mie. Halafu meseji hizo zinalipiwa. Wasimamizi watuambie ni shilingi ngapi kwa mwezi na nani atazitoa, maana mchango wa mwaka jana walitoa watu walewale wa nje. Kabla hatujajua hilo sipigi kura.