Baba kafariki, nguo za wateja zimebaki nusu kushonwa. Naombeni ushauri

Mtoto wa Fundi
Assalaam aleykum na habari zenu wakuu.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Kafariki mwezi uliopita, presha. Aliamka alfajiri kwenda kutawadha, hakurudi chumbani. Tukamzika siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Matanga yameisha, wageni wamerudi makwao, mama yuko eda. Mtoto wa kiume ni mimi peke yangu, kwa hiyo kila kitu kinaniangukia.

Shida yangu ni duka. Juzi Jumanne ndiyo nimelifungua kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nguo ziko kama alivyoziacha. Zingine zimekwisha, zinasubiri wenyewe. Zingine zimekatwa tu na kuviringishwa pamoja na karatasi ya jina. Kuna kanzu, sare za shule, nguo za wasimamizi wa harusi ya mtu. Na kuna gauni moja la zambarau liko kwenye cherehani kabisa, sindano imezama kwenye kitambaa.

Wateja wanakuja mlangoni: "Fundi yupo?" Kila mmoja namwambia upya. Mwingine analia, mwingine ananipa pole halafu anaulizia suruali yake. Kuna waliolipa nusu, kuna waliomaliza. Mimi ni wa bodaboda, kushona nilifundishwa utotoni nikaacha.

Nizirudishe zikiwa hivyo hivyo? Hela za watu nitoe wapi? Na je, hapa Tanga kuna fundi anayeweza kumalizia kazi ya fundi mwingine bila kuiharibu, hasa hilo gauni?

Mchovu wa Majani Mapana
Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole sana kaka. Uza cherehani, rudishia watu hela zao, maisha yaendelee.

Nguli Mstaafu
Kijana, usimsikilize huyo. Usiuze hata bobini. Hiyo cherehani sasa ni mirathi, ukiiuza leo kesho ndugu zako watakuita mwizi.

Fuata utaratibu. Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30, mpate cheti cha kifo cha RITA, wakala wa usajili. Halafu kikao cha ukoo kimpendekeze msimamizi, mwandike muhtasari, muende nao Mahakama ya Mwanzo kujaza fomu namba 1. Ukishateuliwa una miezi 4 ya kurudisha fomu namba 5 na namba 6, zinazoonyesha mali, madeni na ulivyogawa. Watu wengi hupata barua ya usimamizi wakadhani wamemaliza, kumbe ndiyo kwanza wameanza.

Nguo za wateja si mali ya marehemu, ni amana. Usiziingize kwenye orodha. Ila hela waliyotanguliza kwa kazi ambayo haikufanyika ni deni, na deni hulipwa kabla ya kugawa chochote. Baada ya hapo ndipo mama anapata thumni yake, yaani moja ya nane, na kinachobaki, kama wazazi wa marehemu hawapo hai, ni chenu nyinyi watoto, wa kiume mafungu mawili, wa kike moja.

Nimeona familia ikivunjika kwa ajili ya friji.

Aunty wa Raskazone
Pole mwanangu. Umenikumbusha mbali. Mama yangu alikuwa anachoma vitumbua asubuhi kwa ajili ya watoto wa shule. Alipofariki, watoto waliendelea kuja na vibakuli vyao. Watoto hawajui msiba. Wanasimama mlangoni, "Bibi, vya mia tano." Mimi niko ndani nimejifunika khanga nalia. Siku moja nikaamka nikaloweka mchele, nikawachomea. Vilikuwa vibaya! Wakavila. Mpaka leo nachoma, na nimesomesha kwa hivyo vitumbua. Kaa kwenye hicho kiti cha baba yako, utaona.

Kiuno 38
Wakuu samahani, kama kuna suruali ya kadeti ya kijani hapo ni yangu. Fundi alinipiga kalenda tangu Ramadhani 😂

Aunty wa Raskazone
@Kiuno 38 mwenzio kafiwa, wewe unaleta kadeti.

Mtoto wa Fundi
@Kiuno 38 ipo. Imekwisha, bado vifungo tu. Njoo uichukue.

@Nguli Mstaafu ahsante mzee wangu, nimeyanakili yote. Sasa kuhusu fundi?

Sindano Moja
Fundi ni mimi, niko Makorora. Pole sana. Baba yako kama ndiye ninayemdhania, alikuwa na mkono mzuri wa kanzu.

Kazi ya mtu mwingine inamaliziwa. Lakini hilo gauni usilitoe kwenye mashine kwa kuvuta. Zungusha gurudumu kwa mkono mpaka sindano ipande juu, inua mguu, toa kitambaa kwa nyuma taratibu, acha nyuzi ndefu. Usifue, usipige pasi. Alama za chaki zikifutika, atakayeshika hiyo kazi atakuwa anabahatisha.

Tafuta daftari lake la vipimo. Kila fundi analo, hata kama limechanika. Humo kuna jina, kifua, kiuno, nyonga, urefu, mkono. Mafundi wa zamani wana kiasi chao cha kuacha kwenye mshono. Wengi huacha inchi nzima ili nguo iweze kupanuliwa, sisi wa sasa tunabana kitambaa. Usipokijua kiasi hicho, utaunga nguo ikatoka kubwa na vipimo viko sahihi. Ndiyo maana naomba uniletee na nguo yake moja iliyokwisha, niifungue pindo nione.

Zile zilizokatwa, kila moja ifungwe na vipande vyake vyote, hata vinavyoonekana ni takataka. Kola na mikanda hutoka humo.

Za wateja wengine waulize mmoja mmoja, anayetaka kitambaa chake mpe, anayetaka nimalizie nitamalizia kwa bei nafuu. Hilo gauni ni la nani? Yeye anasemaje?

Mtoto wa Fundi
Kaka Mungu akubariki. Gauni ni la mdogo wangu wa kike. Daftari ninalo.

Sindano Moja
Basi njoo naye, nimpime. Vipimo vya msichana hubadilika.

Mtoto wa Fundi
Yuko shule ya bweni, kidato cha nne. Tumia vya kwenye daftari.

Dada wa Pongwe
Kidato cha nne, mtihani Novemba. Maskini. Alivyokuja msibani alikuwa na hali gani? Na sasa ana hali gani?

Mchovu wa Majani Mapana
Mkuu umeulizwa.

Dada wa Pongwe
@Mtoto wa Fundi dogo alikuja msibani?

Mtoto wa Fundi
Hakuja.

Kabla hamjanirukia nisikilizeni. Shule iko Iringa. Baba kafariki Jumanne alfajiri, kazikwa alasiri. Hata tungempigia muda ule ule asingewahi. Wazee wakakaa wakasema asiambiwe mpaka amalize mtihani. Huyu ndiye ambaye baba alikuwa anamtegemea. Anafaulu kuliko sisi wote. Miaka minne baba ameshona mpaka usiku wa manane kwa ajili ya ada yake, halafu wiki za mwisho tumvuruge? Baba mwenyewe asingekubali.

Jumapili baba alikuwa anapiga kwa metroni kuongea naye. Sasa napiga mimi. Namwambia baba yuko Pemba, kuna kazi kubwa ya harusi, mtandao unasumbua, anakusalimia. Gauni alimwahidi kama zawadi ya kumaliza. Nataka nimtumie kabla ya mtihani, apate moyo. Ndiyo sababu nauliza fundi. Sikuja kuuliza kama tumefanya vizuri au vibaya.

Kiuno 38
Duh.

Mchovu wa Majani Mapana
Mko sahihi. Mtihani haurudi. Msiba upo siku zote.

Dada wa Pongwe
Mimi nilifichwa. Mama yangu.

Nilitoka chumba cha mtihani wa mwisho nacheka, tumerushiana maji na wenzangu, nikamkuta baba mdogo getini kavaa koti. Nikamkimbilia. Garini ndipo akaniambia. Mama alishazikwa, arobaini ilishasomwa, majirani walishazoea. Nafika nyumbani nalia peke yangu, wenzangu machozi yameshakauka. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kulia tena na mimi.

Matokeo yalikuja, daraja la kwanza. Ndugu wakasema, unaona? Lakini kilichoniumiza zaidi ya kifo ni zile salamu. "Mama anakusalimia." Nilianza kuzirudia moja moja kichwani, hii aliituma yeye, hii walitunga. Hata zile za kweli zikaharibika. Kaka, hilo gauni ukimpelekea kama limetoka kwa baba, akija kujua hatalivaa maisha yake yote.

Mtoto wa Fundi
Dada pole. Lakini ulifaulu.

Dada wa Pongwe
Nilifaulu. Na dada yangu mkubwa, aliyekuwa ananipigia hizo simu, sikuongea naye kwa miaka.

Chaki Nyeupe
Mimi ni mwalimu wa bweni, miaka mingi. Nimeona binti aliyeambiwa karibu na mtihani akashindwa kushika kalamu, na nimeona aliyeambiwa akafanya vizuri kwa sababu ya marehemu. Siwezi kukupa uhakika. Ninachokijua ni kwamba habari haifichiki bwenini. Wanafunzi hawaruhusiwi simu, lakini siku ya kutembelewa mzazi wa mwenzake anafika, anamwangalia kwa huruma, anampa elfu kumi bila sababu. Mtoto anaelewa. Niliyemwona akiumia kuliko wote aliambiwa na mwenzake kwenye foleni ya chakula.

Mkiamua, mpigieni kwanza mkuu wa shule, ampange mwalimu wa malezi na ushauri. Aende mtu wa familia, asiambiwe kwa simu ya metroni. Iwe ofisini, mapema mchana, na huyo ndugu alale mji ule ule, asigeuze na basi la jioni. Mwambieni neno lenyewe, amefariki. Msimwambie "anaumwa sana", atatumia usiku kucha kumwombea mtu aliyekwisha kuzikwa. Na msifanye hivyo mkesha wa mtihani.

Mpima Chai
Chai hii wakuu. Tena ya tangawizi.

Moja, akaunti imefunguliwa wiki hii. Mbili, mwanzo duka limefunguliwa Jumanne, sasa baba kafa Jumanne. Tatu, alianza na nguo za wateja, watu walipopoa akaingiza gauni, watu walipopoa tena akaingiza mtoto wa bweni. Mtunzi huyu. Subirini sehemu ya pili ataomba namba ya kuchangiwa.

Kiuno 38
Hata mimi nilianza kushangaa. Tanga tunavyojuana, dogo asijue mwezi mzima?

Mtoto wa Fundi
Jumanne za wiki tofauti. Sijaomba shilingi ya mtu. Akaunti nimefungua kwa sababu sikuwa na wa kumuuliza, nyumbani kila ninayemwambia anasema jikaze. Kuna binti mwingine wa Tanga shule hiyo, tuliwaomba wazazi wake wanyamaze. Kiuno 38, suruali yako ina kiraka kwa ndani mfuko wa kulia, kitambaa cha maua. Niambie kama nimetunga.

Kiuno 38
Daah. Ni kweli. Nilimwomba mwenyewe aweke, mfuko ulikuwa unatoboka. Mkuu naomba radhi, na fundi Mungu amlaze pema.

Mpima Chai
Mnaweza kuwa watu wawili mnacheza.

Aunty wa Raskazone
@Mpima Chai hata kama ni chai, Dada wa Pongwe hajatunga. Tulia.

Mwanangu, umesema wazee walikaa. Mama yako alisemaje?

Sheikh Mtaani
Mama yuko eda, miezi minne na siku kumi. Asisumbuliwe na mambo ya safari na mashule. Kijana, kubwa kwako ni madeni ya baba. Tumefundishwa kwamba nafsi ya muumini inafungika kwa deni lake. Watafute wote waliotanguliza hela, alipwe mmoja mmoja, na asiyetaka aombwe asamehe mbele ya shahidi.

Aunty wa Raskazone
Sheikh, eda inamzuia kutoka, haimzuii kuulizwa. @Mtoto wa Fundi, mama alisemaje?

Mtoto wa Fundi
Hakuulizwa. Alikuwa amezimia kila saa. Waliamua baba wadogo na mjomba.

Aunty wa Raskazone
Na sasa hajazimia. Kamuulize.

Nguli Mstaafu
Nakumbusha tu kwamba huyo binti ni mrithi. Muhtasari wa kikao cha ukoo mkiuandika bila yeye kujua kwamba baba yake amefariki, mnajitafutia kesi.

Mtoto wa Fundi
Mrejesho.

Nimemuuliza mama jana baada ya isha. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kila Jumapili ananisikia chumba cha pili nikisema "baba anakusalimia", na anaziba masikio kwa mto. Alidhani ni uamuzi wa wanaume, hawezi kuuvunja akiwa eda. Kasema mtoto aambiwe, na yeye aongee naye kwa simu mara tu baada ya kuambiwa, asikie sauti ya mama yake kabla ya mtu mwingine yeyote.

Baba mdogo amekasirika. Bado anasema tunamharibia mtoto, na mimi sijui kama hayuko sahihi. Lakini amekubali kusafiri na mimi. Mkuu wa shule nimempigia, kasema twende Ijumaa, kuna nafasi kabla ya mtihani, na metroni atalala naye chumba kimoja. @Chaki Nyeupe, nimefuata ulivyoandika.

Dada wa Pongwe
Nenda kaka. Akikukasirikia usijitetee. Kaa tu hapo hapo.

Mpima Chai
Tunasubiri picha ya tiketi.

Sindano Moja
@Mtoto wa Fundi gauni je?

Mtoto wa Fundi
Nitamwambia lilipofikia. Akitaka liishe nitakuletea, akitaka libaki hivyo litabaki. Ila za wasimamizi wa harusi nahitaji msaada, harusi ni wiki ijayo na mwenye nguo kashapiga simu mara mbili.

Sindano Moja
Lete kesho asubuhi kabla hujakata tiketi. Usisahau daftari, bitana kama alishanunua, na ile nguo iliyokwisha nikaangalie pindo. Hela ya kumalizia waambie wanipe mimi, waliyompa baba yako usiwaombe tena.