Mwanamke akisoma ufeministi anapotea au anafunguka macho?

Habari zenu wakuu. Niko Igoma, Mwanza. Jumapili baada ya ibada mzee mmoja kasimama kasema mabinti wanaosoma mambo ya ufeministi, yaani fikra za haki sawa kwa wanawake, wanapoteza imani, watu wakapiga makofi, na mi ni mmoja wa hao mabinti, mwaka wa pili huu nasoma na wenzangu na Mungu wangu ni yuleyule.

Kilichobadilika ni masikio. Maria Magdalena tangu utotoni tumefundishwa alikuwa kahaba, ila soma Injili zote nne hakuna palipoandikwa hivyo, Luka anasema alitolewa pepo saba basi. Ni Papa Gregori kwenye mahubiri yake mwaka 591 aliyemuunganisha na yule mwanamke mwenye dhambi wa Luka 7. Yohana 20 ndo yeye wa kwanza kumuona Yesu mfufuka na kutumwa akawaambie wanaume.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu wa Magu. Huku Usukumani wote tunajua vikongwe walivyokatwa mapanga wakiitwa wachawi kisa macho mekundu, jamani yale ni moshi, umepikia kuni na mavi ya ng'ombe maisha yako yote kwenye jiko halina dirisha, macho yatakuwa meupe vipi? Na ukichunguza mara nyingi nyuma yake kuna shamba watu wanalitaka. Bibi alikuwa anajua mizizi, anazalisha, anaongea na wahenga wa ukoo, usiku mtoto akipata degedege wanakuja kumgongea, asubuhi wanapita mbali na mji wake. Nami nilikuwa naona aibu, shuleni nilisema sina bibi. Inaniuma mpaka leo. Sijaanza kutambika, nasema tu yule alikuwa mwanamke mwenye elimu ya kiroho na sisi tukamwita mchawi.

Na ya shamba sio maneno tu, Mahakama Kuu hapahapa Mwanza mwaka 1990 Jaji Mwalusanya alimpa haki Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, ndugu wakasema mila hairuhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, jaji akasema huo ni ubaguzi.

Nakubali wapo wanaosoma wakaishia kudharau waume zao, hao siwatetei. Ila mnaopiga makofi, mi sijawahi kusikia hata hubiri moja la kuwatetea hawa bibi zetu. Kama kanisani au msikitini kwenu lipo niambieni ni wapi, nitapanda daladala nije kusikiliza.