IST inakula oili: injini ya mtumba au ovahoo? Nataka kuifunga mwenyewe nyumbani

Mtoto wa Nkuhungu:
Habari zenu wakuu. Nina Toyota IST, injini imechoka, inakula oili na inatoa moshi. Ninunue injini ya mtumba kutoka Dar, au niifanyie ovahoo, yaani niifungue hii hii niweke ringi na beringi mpya? Breki, shokapu na bushi huwa nafanya mwenyewe uani, na hili nataka nilifanye kwa mikono yangu. Likizo inakaribia, naomba ushauri kwa wazoefu.

Spana Kumi na Nne:
Mkuu, ya maana yote hujayasema. Injini ni 2NZ ya lita 1.3 au 1NZ ya lita 1.5? Oto au manyuo? Moshi wa rangi gani, unatoka wakati gani? Kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya sirinda, umepima? Na uani kwako ni sakafu au mchanga?

Mtoto wa Nkuhungu:
1NZ, oto. Moshi wa bluu. Kompresheni bado. Uani ni mchanga.

Mama wa Kisasa:
Chukua mtumba, mdogo wangu. Ovahoo ya nyumbani na vumbi hili la Dodoma ni kujitafutia balaa. Punje moja ya mchanga ikiingia kwenye beringi za krenki, kazi yote imekwenda na maji.

Dereva wa Kibaigwa:
Dada, mtumba nao una yake. Raum yangu nayo ni 1NZ. Nilikwenda Dar mwenyewe, duka silitaji. Wakaiweka injini chini, wakaiunganisha betri, ikawaka na kutulia vizuri kabisa. Nikalipa, wakasema itapanda fuso usiku. Ilipofika nikaangalia namba kwenye bloku: siyo ile iliyoandikwa kwenye risiti. Nikafungua kifuniko cha kujazia oili, kwa ndani kimeganda povu la rangi ya chai ya maziwa. Maji yameshachanganyika na oili! Napiga simu naambiwa vijana wamekosea kupakia, nirudishe kwa gharama yangu. Tulivutana mpaka nikaenda na ndugu yangu askari, ndipo wakabadilisha, lakini nauli ya kwenda na kurudi hakuna aliyenilipa. Gari ilikaa juu ya mawe msimu mzima wa mavuno, na mimi riziki yangu ni hiyo hiyo gari. Piga picha namba ya injini kabla hujatoa hela, na simama hapo mpaka inapakiwa.

Spana Kumi na Nne:
Namba hiyo hiyo ndiyo iliyoko kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini, nenda TRA wakurekebishie kadi, na risiti ya duka uitunze.

Ila Mtoto wa Nkuhungu, hujajibu moshi unatoka wakati gani. Kama ni asubuhi ukiwasha kisha unakata, shuku sili za valvu, vile viraba vinavyozuia oili isishuke kwenye sirinda, na hizo zinabadilishwa injini ikiwa ndani ya gari. Kama unatoka muda wote ukikanyaga mafuta, shuku ringi za pistoni. Pima kompresheni kavu, kisha tia oili kidogo kwenye sirinda upime tena. Ikipanda, ringi zimekwisha.

Mtoto wa Nkuhungu:
Asubuhi unatoka mwingi. Njiani sijauchunguza.

Fundi wa Chang'ombe:
Kabla hujanunua chochote, pima. Ukilazimika kuishusha, usiiamini jeki kwenye mchanga, na winchi usiifunge kwenye mti. Tafuta sehemu yenye zege. Kwa oto, wengi wanaumia kwenye konveta, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi. Isukume huku unaizungusha mpaka iingie yote ndani ya gia boksi, utaisikia ikishuka hatua kwa hatua. Injini na gia boksi vikutane kwa mkono. Ukiona bado kuna mwanya na unauvuta kwa bolti, simama hapo hapo, la sivyo unavunja pampu ya gia boksi. Na sili ya nyuma ya krenki weka mpya injini ikiwa nje.

Mama wa Kisasa:
Na rejeta usiisahau. Maji ya visima vya huku yana chumvi, yanaua injini nyingi kuliko oili.

Dereva wa Kibaigwa:
Mimi natia ya bomba, sijawahi kupata shida.

Mama wa Kisasa:
Ya bomba mengi yanatoka visima vya Mzakwe, kaka yangu. Angalia birika lako la chai kwa ndani, ule ukoko mweupe ndio unaoziba rejeta. Tia kulanti, yale maji maalumu ya kupoza injini.

Dereva wa Kibaigwa:
Kulanti zinazouzwa barabarani nyingine ni maji yaliyotiwa rangi. Heri ya mvua, nakinga kwenye pipa.

Fundi wa Chang'ombe:
Ya mvua hayana chumvi, lakini hayazuii kutu. Changanya na kulanti ya kueleweka.

Kijana wa Mpwapwa:
Samahani wakuu, Spacio yangu yenye injini ya 1ZZ nayo inakula oili ila haitoi moshi wa kuonekana. Nayo ni sili za valvu?

Spana Kumi na Nne:
1ZZ za mwanzo shida yake ni pistoni. Vitundu vya kurudisha oili ni vidogo, vinaziba na ringi zinakwama. Ya mwaka gani?